Jiwe Lilitoka Kwetu, Ufundi Ukabaki Kwao

Bandugu na badada, vijana wa Katuba, Kenya, Kamalondo, Ruashi, Kampemba na Annexe, na ninyi wa Likasi na Kolwezi,

Kila mara umeme unapokatika siku tatu mfululizo, kuna maneno yanayorudi kwenye vikundi vyetu vya WhatsApp: "Si tuko na urani? Bomu ya Hiroshima si ilitoka huku kwetu? Sasa juu ya nini hatuna reakta yetu?" Na jibu linakuja mbio: "Tufungue Shinkolobwe, tuuze jiwe, Wazungu ao Wachina ao Warusi watujengee reakta, njo mambo iishe."

Swali ni zuri. Jibu ni baya. Tena ni jibu ambalo wakubwa wetu wangefurahi sana tukilishika, kwa sababu linatuacha palepale tulipo: wachimba shimo, watoto wa wachimba shimo. Tunaandika tamko hili ili kila kijana wa Lubumbashi akisikia neno "nyuklia" kwenye hotuba, ajue la kuuliza.

REAKTA NI KITU GANI

Reakta nyingi zinazotoa umeme duniani leo ni za aina moja: reakta ya maji yenye shinikizo. Ukiivua maneno makubwa, kazi yake ni kupika maji. Ndani ya chungu kikubwa cha chuma kuna fito zilizojaa urani. Atomu za urani zinapasuka na kutoa joto. Maji yanapita katikati ya fito na kufika digrii zaidi ya 300, lakini hayachemki, kwa sababu yamekandamizwa kwa nguvu ya bar 155 hivi, yaani zaidi ya mara 150 ya uzito wa hewa tunayopumua. Mama yeyote mwenye sufuria ya kufunga, ile ya kupikia maharagi, anajua kanuni hiyo: ukifunga mvuke, maji yanapita joto lake la kawaida. Maji hayo yanapita ndani ya mirija na kuchemsha maji mengine ambayo hayagusi urani. Mvuke wa maji hayo ya pili njo unazungusha turbini. Kuanzia hapo, kazi ni ileile ya Inga ao Nseke: turbini, jenereta, waya.

Sasa ugumu uko wapi? Uko kwenye chungu chenyewe: chuma cha unene wa sentimita 20 hivi, kilichofuliwa bila ufa, chenye kuvumilia miaka 40 ao 60. Viwanda vinavyoweza kufua vipande vikubwa namna hiyo duniani vinahesabika kwa vidole. Ugumu uko kwenye pampu, kwenye kuchomelea, kwenye hesabu. Na ugumu mkubwa kuliko yote uko kwa watu: kuwa na mamlaka ya usalama yenye mkaguzi anayeweza kusema "simamisha" na mashine ikasimama, hata kama waziri amekasirika. Jiulize mwenyewe: hapa kwetu mkaguzi wa namna hiyo angemaliza wiki ngapi kazini?

Na tuseme juu ya jiwe. Katika urani inayotoka udongoni, atomu zinazopasuka kwa urahisi ni asilimia 0.7 tu. Reakta hii inataka asilimia 3 hadi 5. Kwa hiyo jiwe linasagwa, linasafishwa kuwa unga, unga unageuzwa kuwa gesi, gesi inarutubishwa, halafu inarudishwa kuwa unga, unakandamizwa kuwa vidonge, vidonge vinapangwa ndani ya fito. Kidonge kimoja cha gramu 7 hivi kinatoa nishati karibu sawa na tani moja ya makaa ya mawe. Kidonge hicho hakichimbwi Likasi. Kinatengenezwa kiwandani, na faida inakaa kiwandani.

Kati ya jiwe na taa ya chumbani mwako kuna ngazi saba ao nane. Sisi tulipewa ya kwanza peke yake.

UBELGIJI ILIUZA JIWE LETU, IKANUNUA SHULE

Shinkolobwe iko karibu na Likasi, kama kilomita 20 hivi. Urani ilionekana pale mwaka 1915. Miaka ya kwanza Union Minière ilitafuta radiamu tu, ikaipeleka kusafishwa Olen, Ubelgiji. Mwaka 1940, wakati wa vita, Edgar Sengier, mkubwa wa Union Minière, alipeleka zaidi ya tani 1,000 za jiwe hilo New York, zikawekwa ghala Staten Island. Septemba 1942 jeshi la Marekani likaja kununua. Jiwe lile lilikuwa na urani kwa asilimia 65 hivi, wakati mahali pengine migodi iliridhika na chini ya asilimia 1. Tarehe 6 Agosti 1945 Hiroshima ikaungua, na sehemu kubwa ya urani ya bomu hiyo ilikuwa imetoka chini ya miguu ya babu zetu. Mwaka 1946 Sengier akapewa medali na Marekani. Wachimbaji hawakupewa hata maelezo ya kitu walichokuwa wanashika kwa mikono.

Hadithi hiyo wengi wetu tunaijua, tunaisema kwa uchungu. Lakini kuna kipande kimoja ambacho hatukisemi, na njo kipande cha maana kuliko vyote.

Tarehe 26 Septemba 1944, Ubelgiji, Uingereza na Marekani walipatana juu ya urani ya Kongo. Ubelgiji ilikubali kuwauzia hao wawili peke yao. Lakini haikuomba pesa tu. Iliweka sharti: siku nguvu ya atomu itakapotumiwa kwa biashara ya umeme, Ubelgiji nayo iingizwe ndani. Elewa vizuri. Nchi ndogo, isiyo na mgodi wa urani kwake, iliyokuwa ndiyo kwanza inatoka mikononi mwa Wajerumani, ilishika jiwe la watu wengine na kusema: jiwe hili, bei yake ni kujua.

Na ikajua. Mwaka 1962, katika mji wa Mol, ikawaka BR3, reakta ya kwanza ya maji yenye shinikizo katika Ulaya ya Magharibi, kwa michoro ya kampuni ya Marekani Westinghouse. Ilikuwa ndogo, umeme wake haukufika hata megawati 12. Lakini ilikuwa shule. Mainjinia wa Ubelgiji walijifunza pale, na kuanzia miaka ya 1970 nchi ikajenga reakta saba kubwa, Doel na Tihange.

Mkongomani hakuulizwa. Hakuwa hata na kiti chumbani. Basi mtu akituambia leo, "Wazungu walitajirika kwa jiwe letu," tumjibu: sawa, lakini pesa ya jiwe inaisha. Kilichobaki kwao mpaka leo ni ufundi.

LOVANIUM NA SEOUL, MASHINE ZA UKOO MMOJA

Kuna wanaosema: "Ah, Mwafrika na atomu, haiwezekane." Hao nao wasome.

Juni 1959, mwaka mmoja kabla ya uhuru, reakta ya kwanza ya bara zima la Afrika iliwaka Léopoldville, kwenye Chuo Kikuu cha Lovanium, wakati rekta wake alikuwa Mgr Luc Gillon, padri mwenye kusomea fizikia. Iliitwa TRICO. Ilikuwa mashine ndogo ya utafiti, kilowati 50, aina ya TRIGA, imetengenezwa na General Atomics ya Marekani.

Machi 1962, Korea Kusini nayo ikawasha reakta yake ya kwanza. Aina gani? TRIGA. Ya nani? General Atomics. Nchi iliyotoka vitani mwaka 1953, maskini, miji imebomolewa, haina urani ya kujivunia. Sisi tulikuwa tumewatangulia kwa miaka karibu mitatu.

Tazama basi njia mbili hizi.

Wakorea walinunua reakta yao kubwa ya kwanza, Kori 1, ikiwa tayari kabisa, kutoka Westinghouse. Ikaanza kazi mwaka 1978. Hawakutulia pale. Mwaka 1987, kwa ajili ya reakta mbili za Yonggwang, waliandika mkataba mwingine na kampuni ya Marekani Combustion Engineering: tunanunua, lakini mtatupa michoro, mtatupa programu za hesabu, na mainjinia wetu watakaa mezani pamoja na wenu. Wakachukua ufundi ule, wakaubadilisha, wakaukuza. Desemba 2009 wakawashinda Wafaransa na kupata mkataba wa kujenga reakta nne za megawati 1,400 huko Barakah, Falme za Kiarabu. Ya nne ilianza kazi rasmi mwaka 2024. Juni 2025 wakasaini na Wacheki kwa ajili ya mbili zingine, Dukovany. Mnunuzi amekuwa muuzaji.

Na sisi? Mwaka 1972 tulipata TRICO II, kilowati 1,000, kubwa kuliko ile ya kwanza ya Wakorea. Ilifanya kazi ya utafiti, ikatengeneza dawa za mionzi. Kisha vipuri vikakosa, mishahara ikakosa, fito mbili za mafuta yake zikapotea, na moja ikaja kukamatwa Italia mwaka 1998 mikononi mwa mafia. Mashine imezimwa tangu 2004. Imelala pale mlimani Kinshasa kama gari lisilo na mwenyewe.

Tofauti siyo akili ya watu. Mwenye kusema hivyo aje UNILU aone wanafunzi wanavyosoma kwa tochi ya simu. Wakorea waliandika kwenye mkataba: "mtatufundisha." Wafaransa walifanya vilevile: Framatome iliundwa mwaka 1958 kutumia leseni ya Westinghouse, halafu ikawa yenyewe inauza, na njo iliyojenga Koeberg karibu na Cape Town, kituo pekee cha umeme wa nyuklia kinachofanya kazi Afrika mpaka leo. Wote hao walianza kwa kununua. Lakini walinunua kama mwanafunzi, sisi tunauza kama mtu mwenye njaa.

"BASI WATUJENGEE TU"

Tunajua kuna watakaosema: hizo ni habari za miaka 50, sisi tunataka umeme leo, watujengee tu.

Tuhesabu. Reakta moja ya Barakah ni megawati 1,400. Inga 2 yote, na turbini zake zote, ni megawati 1,424. Mainjinia wa umeme wana kanuni: mashine moja isipite sehemu ya kumi ya mtandao mzima, kwa sababu siku ikizimika ghafla, mtandao wote unaanguka nayo. Weka reakta ya namna hiyo kwenye waya zetu za leo, halafu subiri kishindo.

Bei pia. Misri inajengewa reakta nne za megawati 1,200 huko El Dabaa na Rosatom ya Urusi, kwa mkopo wa Urusi unaofika dola bilioni 25. Na Misri si wageni wa mambo haya: wako na reakta ya utafiti tangu 1961. Sisi tungeingia kwenye deni la namna hiyo na nini mkononi? Mwenye kukujengea, akakukopesha, akakuletea mafuta ya mashine, akakuletea na mafundi wa kuiendesha, wewe anakuachia deni na kazi ya kulinda geti.

Tena tusidanganyane: Katuba haina giza kwa sababu haina reakta. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 kuna laini ya umeme ya kilomita 1,700 kutoka Inga mpaka Kolwezi. Inapita juu ya vijiji visivyo na hata balbu moja, inaleta umeme kwa migodi. Umeme unafika Katanga. Swali ni nani anapewa kwanza, nani anatengeneza transfoma zilizoungua, na pesa ya bili inakwenda wapi. Delestaji hii ni jambo la ugawaji na la uongozi kabla ya kuwa jambo la fizikia. Reakta haitibu ugonjwa huo, itaurithi.

Na wanaotaka jiwe letu, tumewaona wakija. Machi 2009, wakati rais wa Ufaransa Nicolas Sarkozy alipotembelea Kinshasa, Areva, kampuni ya Ufaransa iliyokuwa inajenga na kuuza reakta, ilisaini na serikali yetu mapatano juu ya kutafuta urani. Fikiri: muuza reakta amefika nyumbani kwako, na kinachoongelewa ni jiwe.

JIWE HALIOZI

Wengine watatushitaki: "Ninyi vijana mnataka kila kitu kingoje." Hapana. Kuna kitu kimoja tu tunataka kingoje: jiwe. Jiwe halioze. Limekaa chini tangu Mungu aumbe dunia, linaweza kungoja darasa moja la mainjinia limalize.

Anayeoza ni mtu. Shinkolobwe ilifungwa 1960. Njaa ikaifungua tena: mwisho wa miaka ya 1990 ndugu zetu maelfu waliingia pale kwa mikono kutafuta kobalti, katika vumbi lenye mionzi. Januari 2004 rais akatia sahihi amri ya kufunga. Walipewa kazi gani ingine? Hakuna. Wakaendelea. Julai 2004 shimo likaanguka, watu wasiopungua 8 wakafa. Njo maana tunasema: kufunga bila kazi ni uongo, na kufungua bila ufundi ni kuua.

Mi ninayeandika kwa niaba ya wenzangu niko na diploma ya elektromekaniki. Nimesoma mvuke, turbini na transfoma. Kampuni moja ya madini ilinijibu kwamba wanatafuta mwenye uzoefu wa miaka mitano. Nitautoa wapi, sokoni? Leo ninachaji simu za watu wa mtaa kwa paneli mbili za jua. Siandiki hivi ili mnihurumie, tuko wengi sana. Ninaandika kwa sababu nchi yenye watu wa namna yetu wamekaa kwenye viti vya plastiki, halafu inaenda kuomba mafundi nje, haijakosa akili. Imekosa aibu.

TUNACHODAI

Kwanza: mkataba wowote unaogusa urani utangazwe mzima kabla ya kusainiwa, kwa Kifaransa na kwa lugha zetu nne za taifa. Tarehe 4 Desemba 2025 serikali yetu ilisaini Washington ushirikiano wa madini na Marekani. Mikataba ya namna hiyo isomwe kwa sauti kubwa, mama wa soko aielewe.

Pili: Shinkolobwe isifunguliwe na kampuni yoyote kabla ya mionzi kupimwa na watu wasiolipwa na kampuni hiyo: kwenye visima, mashambani, kwenye vumbi la barabara ya Likasi. Na majibu yabandikwe pale watu wanapoishi, yasilale ndani ya droo.

Tatu: kila mkataba wa madini ya maana uwe na sharti lile Ubelgiji iliweka mwaka 1944 kwa jiwe letu: kujua. Tunataka idadi ya mainjinia watakaofundishwa kila mwaka, maabara zitakazojengwa hapa, michoro itakayoachwa. Viandikwe kwa tarakimu, pamoja na adhabu kwa atakayekosa. Neno "ushirikiano" peke yake hatulitaki tena.

Nne: serikali iseme ukweli juu ya TRICO II. Ama itengenezwe iwe shule ya nchi nzima, ama ivunjwe kwa usalama mbele ya wakaguzi wa kimataifa. Kuiacha imelala ni hatari na ni matusi.

Tano: umeme wa leo. Ratiba ya delestaji itangazwe mtaa kwa mtaa, na tuambiwe migodi inapata megawati ngapi na mitaa inapata ngapi.

Na siku itakayofika ya kujenga reakta kweli, wenyeji waulizwe kwanza. Wakenya wa Uyombo, kule Kilifi, mwaka 2024 waliingia barabarani kukataa kituo cha nyuklia kilichopangwa karibu na bahari yao, wakapigwa na polisi. Sisi tusingoje kufika pale. Mtu anayetaka kujenga karibu na mto wetu, aanze kwa kukaa nasi chini ya mwembe.

Tunakuomba kitu kimoja leo, si kikubwa. Mwandikie mbunge uliyempigia kura, hata kwa simu, hata mistari miwili: "Katika mikataba ya madini, mmeandika wapi kwamba tutafundishwa?" Akikujibu, tutumie jibu lake. Asipojibu, tutumie jina la jimbo lake, tutahesabu kimya chao hadharani.

Babu zetu walibeba jiwe lile mgongoni bila kujua jina lake. Sisi jina tunalijua, matumizi yake tunayajua, bei yake tunaijua. Atakayekuja kulitafuta tena atukute tumesoma.

Lubumbashi, tusimame.